Dian Fossey: Mtafiti mashuhuri aliyefundishwa kufuata nyayo Kivu Kaskazini

Kwa watu wengi jina la Dian Fossey ni jina la Rwanda. Ndiko alikojenga kituo chake cha utafiti, ndiko alikouawa usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985, na ndiko alikozikwa, kando ya gorila aliyempenda kuliko wote. Lakini kazi iliyompa umaarufu haikuanzia huko. Ilianza Januari 1967 upande wa Kongo, katika uwanda mdogo wa Kabara chini ya mlima Mikeno, Kivu Kaskazini, na mtu aliyemfundisha hatua za kwanza za kazi hiyo alikuwa mlinzi wa mbuga, Mkongomani aitwaye Sanwekwe.

Leo shirika lenye jina la Fossey lina timu za Wakongomani katika misitu ya teritwari ya Walikale, zikifuatilia gorila wa jamii nyingine ambao hawakuwa sehemu ya utafiti wake. Kwa kijana wa Masisi au Walikale anayesomea biolojia au misitu, maisha ya mwanamke huyu yanaeleza jambo ambalo vyuo hulisema kwa nadra: jinsi mtu asiye na shahada ya sayansi alivyofika kuwa daktari wa falsafa, nani walimshika mkono njiani, na alivyokwama zamu yake ya kuwashika wengine mkono ilipofika.

Aliyeshindwa kemia na fizikia

Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo na mama akaolewa tena. Baba wa kambo alikuwa mtu wa masharti makali, na kwa miaka kadhaa mtoto huyo hakuruhusiwa hata kula mezani na watu wazima. Alichopenda ni wanyama, hasa farasi.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, akitaka kuwa daktari wa mifugo. Kemia na fizikia zikamshinda, akaacha. Alihamia chuo cha San Jose na mwaka 1954 akahitimu fani ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kujifunza upya shughuli za kila siku. Kazi aliipata Louisville, jimbo la Kentucky, katika hospitali ya watoto walemavu, akapanda hadi kuongoza idara yake.

Kazi ile wasimuliaji wengi huipita haraka, na si haki. Mtoto aliyeumizwa na polio au aliyezaliwa na udhaifu wa viungo hamwamini mgeni siku ya kwanza. Inabidi ukae naye, usimkaribie kwa pupa, usubiri aje mwenyewe. Miaka karibu 10 ya kukaa namna hiyo ilimfaa zaidi, alipofika mbele ya gorila, kuliko kemia ambayo hakuifaulu.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 31, alikopa dola 8,000 kwa ajili ya safari ya wiki chache Afrika Mashariki na Kati. Kwa mfanyakazi wa hospitali lilikuwa deni la miaka. Alipita Olduvai, Tanganyika, ambako Louis Leakey alikuwa akichimba mabaki ya binadamu wa kale. Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, alikuwa tayari mwanasayansi mwenye jina kubwa. Mgeni wake aliteleza pale kwenye machimbo na kuumia kifundo cha mguu. Wiki chache baadaye, mguu ukiwa bado unauma, alipanda hadi Kabara na kuwaona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza, akiwa na wapiga picha Alan na Joan Root.

Alirudi Kentucky kulipa deni. Aliandika makala kuhusu safari yake katika gazeti la Louisville, na Leakey alipofika mjini humo kutoa mhadhara mwaka 1966, Fossey alimfuata akiwa na makala hizo mkononi.

Mwalimu mwenye mbinu zake

Leakey aliamini jambo ambalo wenzake wa vyuo vikuu walilicheka: kwamba anayeingia porini bila kubebeshwa nadharia nyingi huona mengi zaidi. Tayari alikuwa amemtuma Jane Goodall, aliyekuwa katibu wake, kuchunguza sokwemtu wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960. Baadaye, mwaka 1971, Biruté Galdikas angeanza kazi ya orangutan kule Borneo kwa msaada wake. Fossey aliangukia katikati ya hao wawili.

Alichowapa si masomo darasani. Aliwatafutia fedha, aliwaandikia barua watu wenye uwezo, na alisimama mbele ya wakosoaji waliouliza wanawake hao walisomea wapi. Alikuwa pia na mizaha mizito. Alimwambia Fossey kwamba kabla ya kwenda porini sharti akatolewe kidole tumbo, kwa kuwa mlimani hakuna daktari wa upasuaji. Fossey alikwenda hospitalini, akapasuliwa. Kisha ikafika barua ya Leakey ikieleza kwamba haikuwa lazima, alitaka tu kupima ana nia kiasi gani. Mwalimu wa chuo wa leo akifanya hivyo ataitwa kujieleza mbele ya kamati, na itakuwa halali. Fossey yeye aliihesabu kama mtihani aliofaulu.

Fedha zilipatikana, na Desemba 1966 akapanda ndege. Leakey alihakikisha anapita kwanza Gombe kwa siku chache aone Goodall anavyoendesha kambi na kutunza madaftari. Baada ya hapo alivuka kwenda Kongo na Land Rover kuukuu aliyoiita Lily. Alan Root alimsindikiza, akamsaidia kusimamisha hema Kabara, na baada ya siku mbili akateremka. Fossey alisimulia baadaye kwamba alishikilia nguzo ya hema ili asimkimbilie.

Somo la Sanwekwe

Kabara haikuwa mahali papya kwa sayansi. Carl Akeley, Mmarekani aliyechangia kumshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuanzisha mbuga ya kitaifa mwaka 1925, ile tunayoiita Virunga, alifariki hapo mwaka 1926 na kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye hema la Fossey. Mwaka 1959 profesa John Emlen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifika eneo hili na mwanafunzi wake kijana, George Schaller. Wawili hao walizunguka sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo kutafuta gorila wako wapi, hadi Utu, Walikale. Emlen aliporudi nyumbani, Schaller alibaki Kabara na kutoa kitabu ambacho watafiti bado wanakitumia. Fossey alikuja na nakala yake.

Kitabu hakikumwambia jinsi ya kusoma majani yaliyokanyagwa. Siku moja ya mwanzo aliona njia ya gorila msituni, akaifuata kwa furaha, kasi na kelele. Baada ya dakika kama tano aligundua yuko peke yake. Alirudi nyuma na kumkuta Sanwekwe ameketi palepale walipoiona njia hiyo, ametulia. Kwa adabu yote mlinzi huyo alimweleza kwamba mtu anayetaka kuwaona gorila huwafuata wanakoelekea, hawafuati walikotoka. Fossey alikuwa amekwenda kinyume.

Msomi huyo mtarajiwa hakuficha kisa hicho. Alikiandika katika kitabu chake miaka 16 baadaye, akakiita somo lake la kwanza. Kutoka kwa Sanwekwe alijifunza kutazama majani yamelala upande gani, kinyesi kimepoa kiasi gani, na mmea upi umetafunwa asubuhi na upi jana. Alijifunza pia kutoharakisha. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, ambacho Fossey alikianza kwa kubabaisha, na kwa muda mrefu makosa yake yalikuwa kichekesho cha kambi.

Kisa kingine kiliwahusu wote wawili. Kundi la gorila lilikuwa limetoweka kwenye majani, na Fossey, mwanamke mrefu wa zaidi ya futi sita asiye na kipaji cha kupanda miti, aliamua kupanda mti awaone. Aliteleza, akavunja matawi, huku Sanwekwe akimsukuma kutoka chini na kuzuia kicheko. Alipofika juu alidhani wanyama wamekwisha kukimbia mbali. Wapi! Walikuwa wamerudi na kuketi kama watazamaji wa mpira, wakimwangalia. Hapo alielewa kwamba udadisi wa gorila ni mlango, na kwamba kujificha si njia pekee ya kumsogelea.

Alianza kujionyesha wazi badala ya kunyemelea. Alitembea kwa mikono na magoti, akatafuna majani yao, akajikuna, akaiga milio yao ya kuridhika wakati wa kula, na hakuwakazia macho. Kuna alipokosea: mwanzoni aliiga mlio wa kupiga kifua kwa kujipiga mapajani, akafurahi kuona wanamsikiliza, kumbe alikuwa akiwapa ishara ya hatari. Akaacha.

Jioni hema lilikuwa ofisi. Aliandika kila alichokiona, saa ngapi, nani alikuwa karibu na nani, na kuchora mikunjo ya pua ya kila gorila, kwa kuwa hakuna pua mbili zinazofanana. Ndani ya miezi sita alikuwa amezoeana na makundi matatu.

Wanajeshi wafika Kabara

Julai 1967 mamluki wakiongozwa na Jean Schramme waliasi dhidi ya serikali ya Rais Mobutu, na mashariki yote ya nchi ikaingia kwenye taharuki. Wazungu walitiliwa shaka. Tarehe 9 Julai wanajeshi walipanda hadi Kabara na kumteremsha Fossey pamoja na mizigo yake mpaka Rumangabo, makao makuu ya mbuga, ambako alizuiliwa kwa takriban wiki mbili.

Alitoka kwa ujanja. Aliwashawishi walinzi wake wamsindikize hadi Kisoro, Uganda, akidai kwamba anatakiwa kushughulikia usajili wa gari na kwamba fedha ziko huko. Alipofika Kisoro alikimbilia hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel, mwenyeji wa watafiti wengi wa gorila enzi hizo, na wanajeshi wa Uganda wakaingilia kati.

Madaftari yake aliyaokoa, lakini gorila wa Kabara aliokuwa akiwajua kwa majina hakuweza tena kufanya kazi nao. Sanwekwe naye alibaki upande huu wa mpaka. Mtafiti yeyote wa Kivu anaijua hali hiyo: kazi ya miezi inakatwa na milio ya risasi, na linabaki lile tu ulilokwisha kuandika. Ndiyo sababu ile desturi ya kuandika kila jioni, ambayo wanafunzi wake wa baadaye waliiona kama adhabu, haikuwa ya kupuuzwa.

Leakey alimpokea Nairobi, na wakakubaliana ahamie upande wa pili wa milima hiyohiyo. Tarehe 24 Septemba 1967 Fossey alisimamisha mahema mawili katikati ya milima Karisimbi na Visoke, nchini Rwanda, akaunganisha majina hayo mawili na kupata Karisoke.

Kambi kuwa chuo

Miaka iliyofuata ndiyo iliyojulikana zaidi. Mpiga picha Bob Campbell alipanda mlimani kwa niaba ya jarida la National Geographic, na toleo la Januari 1970 lilimweka Fossey kwenye jalada. Mwaka huohuo gorila dume kijana aliyempa jina Peanuts alinyoosha mkono na kumgusa vidole.

Lakini umaarufu haukumpa hadhi mbele ya wanasayansi. Bila shahada ya juu, fedha za utafiti zingekauka na matokeo yake yangeendelea kuitwa hadithi. Leakey alimsukuma aende Cambridge, kwa profesa Robert Hinde, yuleyule aliyemsimamia Goodall. Hinde alikuwa mtu wa vipimo. Hakutaka kuambiwa kwamba gorila fulani ni mpole. Alitaka kujua ni mara ngapi kwa saa alimsogelea mwenzake, nani alianza, nani aliondoka. Fossey hakulipenda jiji lile wala baridi ya madarasa yake, akawa anakwenda na kurudi Karisoke. Hata hivyo alikaa chini akajifunza. Mwaka 1972 alichapisha katika jarida la kisayansi uchambuzi wa milio ya gorila wa milimani, na katikati ya miaka ya 1970 akapata shahada ya uzamivu. Leakey hakuiona siku hiyo. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972.

Kwa hiyo alikuwa na walimu watatu wasiofanana kabisa. Leakey alimfungulia mlango, Sanwekwe alimfundisha kuona, Hinde alimfundisha kuhesabu. Ukiondoa mmoja kati yao, Karisoke isingekuwa ilivyokuwa.

Kwenye kambi hiyo siku ilianza kwa kupanda matope na upupu nyuma ya wafuata nyayo Wanyarwanda kama Nemeye, ikaendelea kwa saa kadhaa kando ya gorila, na kumalizikia kwenye mashine ya kuchapa kando ya taa ya mafuta. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchapa maelezo ya siku. Fossey mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara mwenye mapafu mabovu, aliogopa vilele, na hewa nyepesi ya urefu wa mita 3,000 ilimtesa. Alipanda hivyohivyo. Kutokana na madaftari hayo dunia ilifahamu jinsi majike wanavyohama kundi moja kwenda jingine, na jinsi dume mgeni anavyoweza kuua mtoto asiye wake, jambo ambalo baadhi ya wanasayansi walilipinga vikali mwanzoni.

Mlezi mgumu

Hapa ndipo simulizi la Fossey linakuwa chungu, na filamu ya mwaka 1988 iliyochezwa na Sigourney Weaver ililipita kwa wepesi. Wanafunzi waliofika Karisoke kutoka Marekani na Uingereza walikuta mkuu asiyetabirika. Leo angeweza kupanda mlima kumpelekea mgonjwa chakula, kesho akakaa siku nzima bila kumsemesha mtu na kuwasiliana kwa vijikaratasi tu. Wengine waliondoka baada ya wiki chache. Wengine alipigana nao hadi mwisho.

Kifo cha Digit kilizidisha hali hiyo. Gorila huyo dume, aliyemfahamu tangu akiwa mdogo, aliuawa na majangili tarehe 31 Desemba 1977, akakatwa kichwa na mikono. Ian Redmond, kijana Mwingereza aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyeikuta maiti. Julai 1978 majangili waliwaua Uncle Bert, kiongozi wa kundi hilohilo, na jike Macho. Fossey alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit, na kuanzia hapo utafiti ulikuja nyuma ya vita.

Aliajiri doria za kukata mitego, nazo zilikata mitego kwelikweli. Lakini pia aliwapiga kwa upupu majangili waliokamatwa, akachoma mali zao, na aliwahi kumshikilia mtoto wa mmoja wao. Watu wa Batwa na wafugaji waliokuwa wakiingia msituni tangu enzi za mababu walijikuta mbele ya mzungu mwenye bunduki asiyetaka maelezo. Kwa msomaji wa Masisi, ambako ugomvi wa ardhi, malisho na msitu umegharimu maisha mengi, hili si jambo la kupita kama kasoro ndogo ya mtu mkubwa. Baadhi ya wanafunzi wake waliliona hivyo pia. Bill Weber na Amy Vedder, waliofika mwaka 1978, walitoka na wazo tofauti: gorila wataokoka endapo wenyeji watapata faida, na njia mojawapo ni utalii unaodhibitiwa. Fossey alilipinga wazo hilo kwa nguvu zote. Ndilo lililoshinda, na leo Rwanda, Uganda na Virunga ya Kongo zinaishi nalo.

Mwaka 1980 alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kufundisha na kupumzisha mapafu, na huko akamaliza kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka 1983. Kisha alirudi Karisoke. Alipouawa kwa panga ndani ya nyumba yake alibakiza wiki tatu kutimiza miaka 54. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu msaidizi wake wa utafiti, Mmarekani, bila yeye kuwapo, alikana daima. Mfuata nyayo wa zamani wa kambi, aliyekamatwa kwa kesi hiyohiyo, alifia gerezani kabla ya hukumu. Mauaji hayo hayajapata jibu linaloaminiwa na wote.

Wanafunzi walioondoka wakinung'unika hawakuacha kazi. Redmond amekuwa mtetezi wa nyani wakubwa kwa zaidi ya miaka 40. Alexander Harcourt na Kelly Stewart, waliokwaruzana naye vibaya, walijenga maisha yao ya kitaaluma Davis, chuo kilekile ambacho msichana wa San Francisco alikiacha kwa sababu ya kemia. Na hesabu ya gorila ikageuka. Schaller alikadiria takriban 450 kwenye milima ya Virunga mwaka 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 250. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu 604.

Kutoka Karisoke hadi Nkuba

Vita vya Rwanda vya 1994 viliharibu Karisoke. Kituo kilihamia mjini Musanze na kazi ikaendelea, hasa kwa sababu wafuata nyayo waliendelea kuingia msituni hata pale wasomi wa kigeni walipokuwa wameondoka. Mfuko wa Digit ulikwisha kubadilishwa jina mwaka 1992 na kuitwa kwa jina la Fossey, na baadaye ukageukia tena Kongo, alikofukuzwa mwanzilishi wake.

Ukitoka Goma kupitia Sake, vilima vya Masisi leo ni malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage. Msitu mkubwa unaanza unapoteremka kuelekea Walikale. Humo wanaishi gorila wa Grauer, jamii isiyopatikana popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kufikia 17,000. Vita, uwindaji wa nyama na machimbo ya koltani na kasiteriti viliwapukutisha. Makadirio ya 2016 yalitaja 3,800 tu. Utafiti mpana zaidi uliotolewa 2021 ulipandisha idadi hadi 6,800, kwa sababu maeneo mengi zaidi yalifikiwa, si kwa sababu walikuwa wameongezeka.

Eneo la Nkuba, kati ya mbuga za Kahuzi-Biega na Maiko, si mbuga ya serikali. Ni ardhi ya familia zenye haki ya kimila, na wao ndio waliokubali kazi ya utafiti na ulinzi ifanyike humo. Wafuata nyayo wanatoka vijiji vya jirani, wengine wakiwa wawindaji wa zamani, na wanaoongoza kazi ni wanasayansi Wakongomani. Hakuna mzungu peke yake kwenye hema. Mazingira ya kazi si salama: Januari 2025 mapigano yaliikumba Masisi-kati, na Machi mwaka huo M23 waliingia Walikale-kati kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili.

Mbinu nayo ni tofauti na ile ya Kabara. Gorila wa Nkuba hawajazoeshwa watu, na hawazoeshwi kwa makusudi, kwa kuwa gorila asiyemwogopa mtu katika msitu wenye bunduki nyingi hana maisha marefu. Timu hubaki nyuma kwa siku moja hivi. Huhesabu viota vya jana usiku, huokota kinyesi kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, huandika mmea ulioliwa na mahali ulipo, kisha hufuata nyayo kwenda mbele, bila kuwafikia wanyama wenyewe.